Moja Kumi na Moja Kifuani mwa Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Leo nimeaminiwa! Mwalimu wa Hesabu kaja mwenyewe hadi mlangoni pangu, kavua kofia, kanikuta na pini mdomoni. Anataka nishone tepe sita za kuvaa kifuani kwa ajili ya Siku ya Namba. Kila utepe uwe na namba yake ndefu, idariziwe kwa uzi mweusi. Jumamosi watoto sita waliofaulu mchujo watachagua tepe kwa kupapasa chini ya kitambaa, wazivae, kisha kila mmoja asimame ubaoni aivunje namba aliyoivaa hadi vipande visivyovunjika tena. Bila mashine. Atakayewapita wenzake atapata nafasi katika shule ya sayansi ya kule mbali. Nafasi yenyewe moja tu!

Mmoja wa hao sita ni binti yangu, Chaki. Tunamwita hivyo kwa sababu tangu ajue kutembea hajawahi kuwa na vidole visafi.

Nikamuuliza Mwalimu, haogopi kumpa mama mzazi namba za siri? Akasema haogopi hata kidogo, kwa sababu mimi najua kuandika tarakimu lakini sijui maana yake. Nimelichukua kama sifa.

Nimeapa kutunza siri. Mikono kifuani, macho juu. Mwalimu alipoondoka nikabaki natazama karatasi yake kama paka aliyeachiwa bucha.

Mimi niliishia darasa la nne. Mgongo wangu umepinda kwa cherehani. Chaki hatapinda.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Upelelezi umeanza. Namenya vitunguu, Chaki anaosha vyombo. Nikauliza kama mtu asiye na haja: hivi mwanangu, namba ikiwa kubwa sana, ndiyo ngumu kuvunja?

Akacheka. Akasema ukubwa si hoja, mama, hoja ni vigawo. Kuna namba kubwa yenye vigawo tele, ukiigusa inamomonyoka kama biskuti. Kuna nyingine ina vigawo viwili tu vikubwa, imejifungia humo ndani, hata ugonge mwaka mzima hakuna anayefungua. Na kuna zile zisizogawika kabisa isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe. Hizo zinaitwa namba tasa. Nikasema astaghfiru, waliozipa jina hilo hawana mama? Akasema nisimkatishe.

Basi nikatupa ndoano. Tuseme, nikasema, mtu kapewa namba yenye moja tupu, imejipanga moja moja moja mpaka mwisho.

Macho yake yaling'aa! Akauliza moja ngapi. Nikasema kumi na mbili, tuseme. Akasahau vyombo. Akachora kwa povu juu ya sinia. Akasema hiyo ni mteremko, mama! Jumlisha tarakimu zake upate kumi na mbili, basi tatu inaigawa. Inakubali saba, inakubali kumi na moja, inakubali kumi na tatu, inakubali thelathini na saba, halafu kuna kina nani wawili wakubwa kidogo, jumla vigawo saba visivyovunjika. Akaanza kueleza kwa nini, mambo ya kumi na mbili inagawikaje, lakini vitunguu vilikuwa vinaungua na mimi nilikwisha pata nilichotaka.

Moja ni laini. Hilo ndilo la muhimu.

Na kati ya zile namba sita za Mwalimu, ya tatu kutoka juu ni moja kumi na mbili. Mungu hamtupi mja wake!

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mama Pacha kaja kuazima sindano. Jirani wa mlango wa pili, ana cherehani yake mwenyewe na sindano za kutosha kushona bahari. Pacha Mkubwa, mwanawe, naye yumo kati ya wale sita. Kakaa kitini pangu bila kukaribishwa, macho yanazunguka kama feni. Kasema, shoga, nasikia una kazi nzito. Nikasema kazi ni kazi. Akasema, sisi si watu wa kufichana. Nikasema hapana, sisi si watu wa kufichana, nikakalia karatasi.

Alipokwenda zake, wazo likanijia. Wazo la kishetani, lakini zuri. Nikachukua kipande cha kitambaa kibovu, nikadarizi saba kumi na mbili, nikakitundika dirishani kama kimesahauliwa. Haukupita muda nikaona kichwa cha Mama Pacha kinapita. Kikarudi. Kikapita tena, midomo inachezacheza.

Jioni nasikia ukutani Pacha Mkubwa anafokewa: saba! saba! saba! ukikosa hizo usinirudie humu ndani!

Asome saba wiki nzima mpaka macho yamtoke. Hakuna saba Jumamosi. Nimecheka hadi Baba Chaki, ambaye alikuwa ameinamia saa ya mteja, akainua lenzi jichoni akauliza kama naumwa. Nikamweleza. Akasema, Mama Chaki, mwache mtoto afanye mtihani wake. Huyu mume ametengeneza saa za watu maisha yake yote na bado hajui kwamba muda haumsubiri mtu.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Tepe tano zimekamilika. Safi! Wa sita ndio wa Chaki, wa moja. Umenitoa jasho.

Nimedarizi moja zote kumi na mbili, zimesimama wima kama askari. Nikauvalisha mwanasesere wangu wa mbao wa kupimia nguo. Ole wangu. Kumi na mbili hazina katikati! Sita huku, sita kule, na pale penye kifungo cha kifua, mahali jicho la mtu linapotua kwanza, pana pengo. Kama jino lililong'oka. Nimeusogeza juu, nimeusogeza chini. Pengo liko pale pale linanitazama.

Mwanangu asimame mbele ya watu wenye suti na pengo kifuani? Nishone mimi, fundi ambaye maharusi wa mitaa mitatu wamepita mikononi mwake?

Nimefumua moja ya mwisho. Nikakunja ncha ya utepe ndani, pindo pana kidogo, nikaupiga pasi. Sasa zimebaki kumi na moja, na ile ya sita imetua juu ya kifungo kama imezaliwa hapo. Tano huku, tano kule. Nimetokwa na machozi, ulivyopendeza.

Moja ipungue, moja izidi, nani atahesabu? Moja ni moja.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimepeleka tepe shuleni. Mwalimu alikuwa anapanga viti, kazitazama harakaharaka zikiwa zimekunjwa, kasema kazi nzuri. Nikajitolea kuzipanga mezani mwenyewe, chini ya kitambaa, eti zisipate mikunjo. Akashukuru! Masikini wa Mungu.

Chaki tangu utotoni huchukua cha ukingoni. Kipande cha mkate, cha ukingoni. Kitanda, upande wa ukutani. Ukimpa sahani ya maembe, mkono unakwenda pembeni kabisa kushoto. Wakati wengine wanagombania katikati, yeye yuko pembeni na chake.

Utepe wa moja nimeuweka pembeni kabisa kushoto.

Sijamwambia neno. Angekataa. Huyu mtoto aliwahi kurudisha kifungo alichookota barabarani, akagonga mlango hadi mlango kumtafuta mwenye shati.

Sitalala. Roho iko juu, lakini kwa furaha.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mkono hautaki kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulijaa. Nilikaa mstari wa pili, Mama Pacha kanibana ubavuni, kajifukiza manukato hadi nikapiga chafya. Chaki akaitwa wa nne. Akapapasa. Mkono ukaenda kushoto, pembeni kabisa! Nilipiga vigelegele, watu wakageuka, nikajifanya nimekanyagwa.

Akauvaa. Ya sita juu ya kifungo. Hakuna mtoto aliyependeza vile.

Akaenda ubaoni akaiandika namba yake. Akaitazama. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena kutoka nyuma.

Akajumlisha: kumi na moja. Tatu ikakataa. Saba ikakataa. Kumi na moja yenyewe ikabakiza moja. Kumi na tatu, kataa. Thelathini na saba, kataa. Wale niliowasikia wakikubali juu ya sinia Jumanne, wote leo wamefunga milango! Nikadhani kakosea. Nikataka kusimama nipige kelele, rudia ya saba, mama! Mama Pacha akanishika mkono. Akanong'ona, tulia shoga, watoto wetu hao.

Chaki akaendelea. Ubao ukajaa, akafuta, ukajaa. Vumbi la chaki hadi kwenye nyusi.

Wakati huo Pacha Mkubwa, kwenye ubao wa pili, alikuwa amevaa moja, sifuri mbili, moja, sifuri mbili, namna hiyo hadi mwisho. Kaitazama kidogo, katabasamu, kaivunja vipande vitano kabla jasho halijamtoka. Jaji akamuuliza amejuaje upesi hivyo. Akasema tangu Jumatano alikuwa anavunja saba kumi na mbili, ambazo ni moja kumi na mbili zikizidishwa kwa saba, na hii namba yake imo humo humo ndani, amekwisha zoeana na ukoo mzima.

Saba zangu! Kitambaa changu kibovu!

Kengele ikalia. Jaji akamuuliza Chaki, namba yako ni tasa au inavunjika? Mwingine angebahatisha. Wangu akasema: sijui, mheshimiwa. Najua tu kwamba niliowajaribu wote si wake.

Wakampigia makofi ya huruma. Hayo ni makofi mabaya kuliko kuzomewa.

Nafasi kapewa Pacha Mkubwa.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mama Pacha kaja na keki. Kanikumbatia mbele ya majirani wote, analia. Kasema shoga, sikujua una moyo huo. Wengine wangeficha, wewe ukatundika dirishani! Kasema hatasahau mpaka kaburini. Majirani wakanipongeza. Nikala kipande. Kilipita kooni kama kitambaa cha gunia.

Naye kasema, kwa kunifariji, kwamba Chaki wangu ana sauti nzuri, anaweza kutangaza redioni.

Lakini hilo si baya kuliko yote.

Nimerudi ndani nikamkuta Chaki kitandani, utepe magotini. Anapapasa ile ncha iliyokunjwa. Amefumua pindo. Chini yake, kwenye kitambaa cheupe, matundu ya sindano yamejipanga mstari mmoja wima. Akaniuliza bila kuniangalia: mama, hapa palikuwa na moja?

Nikasema uzi uliisha. Akatazama kapu langu. Nyuzi nyeusi zimejaa hadi zinamwagika.

Nikasema ukweli wa pengo. Pengo tu. Kwamba kumi na mbili hazikuwa na katikati.

Halafu akachukua utepe akaukunja mbele yangu, taratibu, kama anamfundisha mtoto mchanga. Akasema, kumi na mbili zinakunjika, mama. Kunja mara mbili, sita juu ya sita, zinalingana. Kunja tatu, nne nne. Kunja nne, tatu tatu. Kila mkunjo ni mlango wa kuingilia ndani. Kumi na moja, kunja utakavyo, daima kuna za kubaki zinaning'inia. Umefumua moja, umefunga milango yote.

Miaka yote hii nakunja vitambaa! Nimekunja mashuka, mapazia, suruali za watu. Utepe huo sikuukunja.

Sikuweza kula. Baba Chaki kanisogezea chai, nayo ikapoa.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Mwalimu kaja. Kofia kichwani, leo hakuivua. Kasema amegundua kwamba utepe ulipungukiwa tarakimu moja. Kosa la ushonaji. (Alinitazama. Nikatazama cherehani.) Majaji wako tayari Chaki arudie, safari hii kwa namba sahihi, moja zote kumi na mbili, na akiivunja, nafasi itaamuliwa upya.

Nilipiga magoti! Nilimshukuru Mungu, Mwalimu, hata cherehani.

Chaki akasema hapana.

Mwalimu akadhani hakusikia vizuri. Akarudia. Chaki akasema, kwa adabu zote, samahani Mwalimu, hiyo namba siwezi kuivunja mbele ya watu, kwa sababu nilikwisha ivunja. Jikoni. Niliulizwa. Akanyamazia hapo, hakusema aliulizwa na nani. Lakini jikoni kwetu hupika nani?

Mwalimu akasema atafikiria namba nyingine. Akasema hivyo akiwa ameshika mlango. Hatafikiria.

Alipoondoka nikamshika mwanangu mabega. Nikamwambia, ungenyamaza! Neno moja tu usingelisema, ungekwenda! Akasema, ningekwenda na nini, mama? Kila ubao ningeuona na povu la sinia.

Nimezaa mtoto mwaminifu. Adhabu gani hii? Kwa upande wangu hakuna mtu kama huyo. Ni ukoo wa saa.

Nikampata Baba Chaki uani. Nikamwambia aseme basi, aseme kwamba aliniambia. Alinifuta shavu kwa kile kitambaa chake cha kufutia vioo. Hapo ndipo nililia kweli.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Nyumba imekuwa kaburi lenye chaki. Likizo imeanza, mtoto hatoki. Kaandika moja kumi na moja juu ya ukuta wa chumba chetu, na chini yake mgawanyo juu ya mgawanyo hadi sakafuni. Sasa yuko kwenye mlango wa kabati. Nikamwambia aachane nayo, imemuumiza ya kutosha. Akasema haijamuumiza, mama, imekataa tu.

Kasema kuna njia ya kupunguza kazi. Kigawo chochote cha hii namba, ukikigawa kwa ishirini na mbili, lazima kibakize moja. Kwa hiyo wengine wote hana haja ya kuwabishia hodi. Nikauliza wamebaki wengi? Akasema wengi.

Nikajaribu kusaidia. Nikaigawa kwa mmoja wao mwenyewe, kwenye ukingo wa meza, kwa kalamu ya kuchorea nguo. Nikapata haina baki! Nikapiga kelele, Chaki kaja mbio, kaangalia, kasema nimesahau kushusha tarakimu. Alinibusu kichwani. Afadhali angenichapa.

Pacha Mkubwa anapakia sanduku. Nimeombwa nimshonee sare. Nimeshona. Kila mshono ulinipita moyoni kwanza.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Wakati nafua nikasikia ukelele chumbani. Nikadhani kabati limemwangukia. Nimekimbia na sabuni mikononi.

Amekaa chini, miguu imenyooka, anacheka peke yake. Ameivunja! Vipande viwili tu. Elfu ishirini na moja mia sita arobaini na tisa, mara laki tano, elfu kumi na tatu, mia mbili thelathini na tisa. Ndio hao. Walikuwa wamejifungia humo ndani wawili hao siku zote.

Akanizidishia kuthibitisha, mstari kwa mstari, chini kwa chini. Alipojumlisha, moja zikaanza kutoka. Moja. Moja. Moja. Zikatoka zote kumi na moja, zimeshikana mikono. Sijui hesabu, lakini nimeona kitu kizuri na nywele zimenisimama.

Akasema, mama, ile ya kumi na mbili ingekwisha dakika kumi nisiikumbuke tena.

Nilijua ananifariji. Niliona pia hakuwa anadanganya. Yote mawili kwa pamoja, na sikujua nilie kwa lipi.

Ugomvi kati yetu umekwisha, nadhani. Nafasi haijarudi. Pacha Mkubwa ameondoka asubuhi na sare yangu. Imemkaa vizuri sana, ndiyo laana ya ufundi.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Chaki alimpelekea Mwalimu vile vipande viwili. Mwalimu kakaa chini kavizidisha mwenyewe, kasimama, kamshika mkono kama mtu mzima. Kasema nafasi ya mwaka huu imekwenda, hana la kufanya, lakini mwakani arudi tena kushindana. Mwaka mzima! Binti yangu mwaka mzima kwenye kiti kile kile, ubao ule ule, na kosa ni langu.

Chaki kanishika mikono yote miwili. Kasema niape kwamba mwakani sitagusa utepe wala sindano. Nimeapa. Safari hii kwa dhati kabisa, nimelia nikiapa. Nimempa maumivu ambayo hata mganga wa mifupa hayaungi. Sitashona namba tena maishani.

Na kweli sitashona, kwa sababu Mwalimu kasema mwakani hakuna tepe. Namba zitaandikwa kwa rangi kwenye vibao, na kazi hiyo kapewa yule mchora mabango wa nyuma ya kituo cha mafuta. Mzee mpole. Anafanya kazi yake uani, hana hata lango.

Leo mchana nilipita pale kwa bahati tu. Mkewe hana gauni la maana, masikini, nimemwambia nitamshonea. Anapenda mikono mirefu na ukosi mdogo. Itabidi nirudi kumpima mara kadhaa, gauni zuri halipimwi mara moja. Na nilipokuwa natoka nikamuuliza mzee, kwa wema tu, kama vibao vyake huwa anavianika uani hadi vikauke, au huviingiza ndani.